Mwanao anaongoza darasa la kwanza: abaki, arushwe darasa au ahamie inglishi midiamu?

Kila mwisho wa Novemba, ripoti zikishatolewa, huwa kuna mzazi anayebaki nyuma. Wenzake wamekwisha kuaga, yeye bado amesimama barazani kwenye ofisi ya walimu, ripoti mkononi, mtoto kamshika kanga. Ukimkaribisha ndani hukaa ukingoni mwa kiti, anauliza habari za nyumbani, anauliza habari za mvua, kisha lile neno linatoka: "Mwalimu, huyu darasa limemwisha. Hakuna namna ya kumrusha?"

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili hapa Morogoro kwa miaka 19. Sentensi hiyo naijua kabla haijatamkwa. Na mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye ukingo wa kiti hicho, upande wa mzazi, nikiomba hilo hilo kwa ajili ya kitinda mimba wangu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya pande zote mbili za meza.

Tuweke jambo moja sawa kwanza. Ukisikia "vipaji maalum" Tanzania, zinazotajwa ni shule za sekondari: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Saba basi. Nafasi zake za kidato cha kwanza hutolewa kwa alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtoto wa miaka sita au saba hana darasa la vipaji ambalo mzazi anaweza kwenda kuliombea nafasi katika shule yetu ya serikali. Ana njia tatu tu: abaki alipo, arushwe darasa, au ahamishiwe shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambayo wengi wetu huichukulia kama ndiyo shule ya wenye akili. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Ana kipaji, au aliwahi tu?

Mwezi wa kwanza wa mwaka, darasa langu huwa na "magenius" kumi. Wanasoma, wanaandika majina yao, wanahesabu hadi mia. Karibu wote wametoka kwenye chekechea za kulipia ambako walikwisha kusoma KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wakati wenzao wanacheza kombolela. Nikifika katikati ya darasa la pili, saba kati ya hao kumi wamefikiwa na wenzao. Sitaki kusema hawana akili. Waliwahi basi la asubuhi, na wengine wakaja na la mchana. Ukimrusha mtoto kwa sababu ya uwahi, ule uwahi ukiisha anabaki mdogo na wa kawaida katikati ya wakubwa.

Nafasi kwenye ripoti haikusaidii kuwatenganisha. Mwaka mmoja niliwapa watoto wawili wa darasa la pili swali lile lile, kwa mdomo, bila karatasi: mama amekaanga vitumbua 13, watoto ni wanne, wagawane. Yule aliyekuwa wa kwanza darasani alijibu kabla sijafunga mdomo: "52!" Alisikia 13, akasikia 4, akafanya ile hesabu aliyoizoea. Mwingine, ambaye ripoti yake ilikuwa ya katikati katikati, aliangalia dari, akahesabu vidole, akasema, "Kila mtu vitatu, na hicho kimoja ale aliyetumwa mafuta." Kati ya hao wawili, mzazi aliyekuwa anataka mtoto arushwe ni wa yule wa 52.

Kwa hiyo fanya jaribio nyumbani kabla hujaja kwangu. Azima kitabu cha darasa la juu kwa jirani. Mpe mwanao hadithi asiyoijua aisome kimya, halafu afunge kitabu na akusimulie. Mpe hesabu ambayo hajawahi kuona, kaa naye, usimsaidie. Kupata au kukosa si hoja sana. Angalia anafanya nini akikwama. Kuna anayekasirika, anafuta mpaka karatasi inatoboka, anasema ana usingizi. Kuna anayenyamaza, anarudi mwanzo, kisha anakuuliza swali ambalo wewe mwenyewe unashindwa kulijibu. Huyo wa pili ndiye ninayeanza kumfikiria.

Kubaki alipo

Njia hii inadharauliwa kwa sababu inaonekana kama kutofanya kitu. Na kweli, ikiachwa hivi hivi ni kutofanya kitu. Mtoto anamaliza hesabu zake kumi kabla sijamaliza kuziandika zote ubaoni, halafu ana dakika 25 za kumchokonoa wa mbele yake. Darasa lina watoto zaidi ya mia. Sisi walimu tuna dawa ya zamani: tunampa kazi. Akusanye madaftari, alete chaki, aandike majina ya wapiga kelele, awafundishe wenzake herufi. Nakiri nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kidogo si mbaya, kwa sababu anayemweleza mwenzake naye huelewa zaidi. Ila kuna mwaka nilitazama daftari la msaidizi wangu mwaminifu nikagundua kuwa muhula mzima hakuwa amejifunza kitu kipya hata kimoja. Alikuwa mwalimu wa tatu wa shule, bila mshahara.

Hatari nyingine haionekani mapema. Mtoto ambaye miaka minne hajakutana na swali gumu anaanza kuamini kuwa kujua ni kama kuwa mrefu, unazaliwa nako. Siku ugumu utakapokuja atadhani akili zimemwisha.

Lakini kubaki kukifanywa vizuri ni njia ya bei nafuu na yenye nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kuipa akili ya mtoto kitu cha kutafuna hakuhitaji kumhamisha dawati. Mwombe mwalimu vitu viwili tu, vidogo: akimaliza kazi aruhusiwe kutoa kitabu chake cha hadithi asome, na mara moja kwa wiki apewe swali moja gumu la kwake peke yake. Mwalimu anayekataa hayo ni mchovu, si mbaya, na atakubali ukimletea hicho kitabu na hayo maswali yakiwa tayari. Nyumbani kuna bao. Mtoto wa miaka saba anayecheza bao la kete na babu yake anapiga hesabu za mbele ambazo mimi siwezi kumfundisha darasani. Kuna mizani ya dukani, kuna chenji, kuna kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Mama mmoja anayeuza maharage sokoni alimfanya mwanawe wa darasa la pili kuwa mhasibu wake wa Jumamosi. Yule mtoto alijua nusu na robo ya kilo miezi mingi kabla hazijafika ubaoni, na darasani hakuwahi kuchoka, kwa sababu kila Jumatatu alikuwa na la kunisimulia.

Kurushwa darasa

Watu wakitaka kuniweka sawa hunitajia Mwalimu Nyerere. Kweli, alirushwa darasa. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hakukaa muda wakamsogeza mbele, na 1937 alikuwa Tabora, shule ile ile ambayo leo ni ya vipaji maalum. Lakini alipoanza darasa la kwanza alikuwa na miaka 12 hivi! Kumrusha kijana wa miaka 12 aliyekwisha kuchunga mbuzi ni kumrudisha karibu na rika lake. Kumrusha wa miaka sita ni kumtoa humo.

Hata hivyo utafiti hauko upande wa waoga. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kina watu waliokusanya tafiti za miaka mingi kuhusu watoto waliosogezwa mbele, na picha ya jumla ni kwamba watoto hao hufanya vizuri masomoni na hawaharibikiwi kijamii kama tunavyoogopa. Ila soma masharti. Watoto hao walipimwa kwa makini kwanza. Na katika chombo cha kuamulia kilichotengenezwa huko kuna mambo yanayofunga mlango moja kwa moja, alama ziwe nzuri vipi. Mtoto mwenyewe hataki: basi. Ana ndugu katika darasa analokwenda, au katika hilo analotoka: basi.

Hilo la ndugu lingeandikwa kwenye mlango wa kila shule yetu. Kwenye familia zetu watoto wamefuatana, na watoto wa mama mdogo nao wanalelewa hapo hapo. Ukimrusha mdogo akatua darasa la kaka yake, umemwinua mmoja na kumvua nguo mwingine, na wanalala kitanda kimoja.

Sasa la kwangu. Mwanangu alitolewa la kwanza akaingizwa la tatu, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hesabu hazikumsumbua hata siku moja. Kilichomsumbua ni mkono. Darasa la pili, mwaka ule aliouruka, ndipo watoto wanapozoea kunakili maneno mengi kutoka ubaoni bila kuchoka. Yeye alikuwa bado anachora herufi moja moja, ulimi nje. Jioni nikifungua madaftari yake nakuta sentensi zimekatikia njiani: "Mbu huzaliana kwenye maji yali". Mwalimu alikuwa amefuta ubao. Muhula mzima alisomea mitihani kwa nusu sentensi, na mimi, mwalimu wa kuandika, sikuwa nimeliona hilo kabla. La pili ni mpira. Kwenye timu ya la tatu alikuwa mdogo mno, na kwenye timu ya la kwanza wakamwambia yeye sasa ni mkubwa. Mapumziko alikuwa anakaa na mama wa mihogo.

Lilimchukua karibu mwaka kukaa sawa. Ameshamaliza kidato cha sita, na ukimuuliza anasema angerushwa tena. Mimi sina uhakika hivyo. Ningemrusha, lakini mkono ungefanyiwa mazoezi likizo nzima kwanza, na angeingia Januari na wenzake wote. Sisi tulimwingiza Juni, kama mzigo ulioshushwa njiani.

Ukiamua njia hii, usimrushe juu ya darasa la nne. Kuna upimaji wa kitaifa pale, na anayeshindwa hukariri darasa. Si mahali pa kupitia dirishani.

Halafu piga hesabu ya umri, maana imebadilika. Kwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, msingi unakuwa miaka sita badala ya saba. Mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 anaingia kidato cha kwanza na miaka 12. Ukimrusha, anaingia na 11. Na kama siku ya kumwandikisha alikuwa na miaka 5 lakini fomu ikasema 6, anaingia na miaka 10, pengine bweni, mkoa mwingine, akifua nguo zake mwenyewe. Wazazi wengi wanaoniomba nimrushe mtoto wamesahau kuwa walishamrusha siku ya kumwandikisha. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha walio wadogo kabisa darasani huanza nyuma ya wenzao wakubwa, kwa sababu ya miezi tu. Huyo wako anayeongoza akiwa mdogo kuliko wote ameshabeba mzigo mmoja tayari.

Na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kama kurushwa kutamtupa mwanao kwenye kundi hilo, atagombea nafasi za sekondari na umati wa madarasa mawili. Mimi nisingefanya hivyo kwa hiari.

Kuhamia inglishi midiamu

Hapa nitasema wazi: shule ya mchepuo wa Kiingereza si mpango wa vipaji. Ni shule ya lugha nyingine, yenye darasa dogo zaidi, kwa kulipia. Hivyo viwili, darasa dogo na lugha, ni vitu vya maana. Sekondari yetu inafundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hodari kutoka shule za serikali hufika kidato cha kwanza wakawa kama mabubu kwa mwaka mzima. Anayeujua Kiingereza mapema anauepuka ukuta huo. Hakuna sababu ya kujidanganya kuwa ukuta haupo.

Ila tazama kinachotokea siku ya usaili. Binti wa dada yangu alikuwa wa kwanza darasa la pili, akapelekwa shule moja nzuri, akapewa karatasi ya hesabu. "Ali has seven mangoes." Kama angesomewa kwa Kiswahili angejibu huku anafunga kamba ya kiatu. Alikaa akaitazama. Wakasema anafaa, lakini aanzie la kwanza ili ajenge lugha. Dada alikwenda kumsogeza mbele, akalipa ada ili arudishwe nyuma. Muhula ule mtoto aliyekuwa akiuliza maswali mpaka unaomba poo alikuwa anajibu "yes" na "no", akawa wa 19 kati ya 24. Alipofika la nne alikuwa anazungumza vizuri na maswali yalirudi. Miaka mitatu hivi, basi, ndiyo bei, mbali na ada.

Ada yenyewe unaijua: kuanzia laki kadhaa hadi milioni kadhaa kwa mwaka, kabla ya basi, sare, na fedha ya safari ya mwisho wa muhula. Basi linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto anayelala garini asubuhi na jioni hana muda wa bao na babu, na wala hana muda wa kukaa bila kazi, ambao kwa mtoto mwenye akili ni chakula. Kumpeleka bweni ili kuepuka basi hakupo tena kwa wadogo: mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali.

Ukiwa na uwezo na nia yako ni lugha, hamisha mapema, awali au la kwanza, kabla hajawa bingwa wa kitu anachokwenda kupokonywa. Ukiwa unamhamisha kwa sababu tu darasa limemwisha, utamnunulia ugumu, lakini ugumu wa lugha, na njaa yake ya hesabu itabaki pale pale.

Nikiziweka meza moja

Kwa pesa, kubaki na kurushwa ni karibu sawa, na kuhama kuko peke yake huko juu. Kwa marafiki, kubaki kunashinda bila mjadala, na kwa mtoto wa miaka saba marafiki si anasa. Kwa akili yenyewe, kurushwa ndiko kunakompa masomo mapya kesho asubuhi. Kubaki kunampa kama wewe na mwalimu mtakuwa macho, na kuhama kunampa baada ya lugha kukaa. Kwa kurudi nyuma ikishindikana, kubaki kunaacha milango yote wazi. Kurushwa kuna mlango wa aibu, maana mtoto anayerudishwa huitwa aliyefeli, hata kama hakufeli.

Kwa hiyo mimi, kwa watoto wengi niliowaona, husema abaki, alishwe. Humrusha yule anayekwama kwa utulivu, ambaye mkono wake unaweza kufuata ubao, aliye na umri kamili wa darasa lake, asiye na ndugu mbele wala nyuma, na ambaye akiulizwa bila mama yake kuwepo anasema ndiyo. Katika miaka 19 nimewapata watatu. Wa kwangu, kwa masharti haya, asingekuwa mmoja wao.

Kuna mwingine ambaye hukumu yangu hubadilika: mtoto aliyeanza kuchukia shule. Tumbo linauma kila Jumatatu, daftari safi, alama mia, na macho yamezima. Huyo usimwache abaki kwa sababu ya kanuni zangu. Badilisha kitu, hata shifti, hata mwalimu, hata hiyo inglishi midiamu ukiweza.

Na wale wanaofanya yote haya kwa kulenga Ilboru au Kilakala, wajue kuwa huko kila aliyeingia alikuwa wa kwanza alikotoka. Mwanasaikolojia Herbert Marsh alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtoto yule yule, mwenye uwezo ule ule, hujiona dhaifu zaidi akiwekwa kati ya hodari watupu. Kijana mmoja niliyemfundisha KKK alirudi likizo ya kwanza kutoka mojawapo ya shule hizo akaja kunisalimia. Nikamuuliza wa ngapi. Akasema, "Wa 61, mwalimu," halafu akacheka, akaniambia kuna mwenzao anayefanya hesabu akiwa amelala. Nilimkumbuka vizuri. Darasa la pili alikuwa akipokezana nafasi ya kwanza na binti wa fundi baiskeli, wiki hii yeye, wiki ijayo yule, na mama yake alikuja mara mbili kuniomba nimrushe ili amkwepe.